Hiari na Shuruti

Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa. Kwa maneno hayo matatu walitenga kazi mbili ambazo machoni hufanana, kwani jembe laweza kuwa lile lile, na wavu ule ule. Sheria nayo imejitahidi kuzitenga. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1930, uliita kazi ya shuruti kila kazi ambayo mtu hutozwa kwa tishio la adhabu, na ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Tanganyika huru iliukubali mkataba huo mwaka 1962.

Watu wa Nyanda za Juu za Kusini walikuwa wameionja tofauti hiyo kabla ya kuisoma. Kutoka Iringa, Njombe, Mbeya na Tukuyu, vijana waliandikwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Kipande cha kila mmoja kilikuwa na siku 30 za kazi, na siku ambayo kazi yake haikumalizwa haikuhesabiwa. Wengi walitia dole gumba kwenye mkataba. Hivyo katika karatasi walikuwa watu wa hiari. Lakini kodi iliwasukuma kutoka nyumbani, na kwa Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923, kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata pazia hilo la hiari liliondolewa, watu wakaandikishwa kwa amri. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania, alichunguza jinsi sheria ilivyotumika katika kuwapata wafanyakazi hao na kuwafunga kazini.

Leo sheria imegeuka. Ibara ya 25 ya Katiba yakataza kazi ya shuruti. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 chaifanya kuwa kosa, na ndani yake chataja kazi ya kufungwa kwa deni. Mambo haya husomwa na wanafunzi wa sheria katika nyanda hizo hizo: katika Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha, na Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe. Wala maji hayako mbali nao. Wa Mbeya wana Ziwa Nyasa pale Kyela. Wa Iringa wana Bwawa la Mtera. Mwanafunzi atakayeteremka huko na daftari lake atalikuta swali la manamba katika vazi jingine.

Mvuvi asiye na chombo humfanyia kazi mwenye chombo, ambaye wavuvi humwita tajiri. Mara nyingi hapewi mshahara. Hupewa mgawo, baada ya kuondolewa gharama za mafuta, nyavu na chakula. Desturi hii si dhuluma kwa asili yake, na wako walioinukia kwayo. Lakini tumfikirie kijana aliyepokea fedha mapema ili amuuguze mama yake. Msimu ukawa mbaya. Gharama zaandikwa na tajiri peke yake, na kila mwezi deni larefuka. Aambiwa hataondoka kambini mpaka alimalize. Hapigwi wala hakutiwa mnyororo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Je, kijana huyu yu kazini kwa hiari yake?

Mtafiti asiharakishe kujibu. Akimwita kila mdaiwa mtumwa, atawavunjia heshima wavuvi waliochagua kazi yao, na neno lenyewe litapoteza uzito. Akisema kwamba pasipo mshahara hapana mwajiri, atafunga mlango ulioachwa wazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 chatazama hali halisi ya kazi, siyo jina la mapatano. Mkataba Na. 188 wa mwaka 2007, uliotungwa kwa ajili ya kazi ya uvuvi, wamhesabu kuwa mvuvi hata yule alipwaye kwa mgawo wa samaki.

Limebaki jambo ambalo halimo katika vifungu. Kijana yule hatasema kwamba afanya kazi ya shuruti. Atasema, “Nadaiwa.” Akiulizwa kama analazimishwa, atajibu hapana, kwa kuwa kulipa deni ni uungwana, na muungwana haoni fahari kujitangaza mtumwa. Hapana hiyo ikiandikwa katika hojaji, taarifa itasema kwamba kazi ya shuruti haikuonekana. Heri aulizwe kwa maneno ya kambini: nani huandika deni? Nani huhesabu samaki? Ungalitaka kuondoka jana usiku, nini kingalikupata? Katika jibu la swali hili la mwisho ndimo lilimo tishio ambalo sheria yalitafuta.

Manamba walifichwa na dole gumba lao wenyewe. Mvuvi asifichwe na hapana yake.