Msimu wa Kware Ukambani

Kwa watoto waliochunga mbuzi Kitui na Makueni miaka ya themanini na tisini, kware alikuwa kitoweo cha bahati. Alikuja na mvua za Novemba, nyasi zikishainuka. Alichomoka ghafla miguuni pa mchungaji, akaruka kidogo, kisha akatumbukia tena nyasini asionekane. Aliyemnasa kwa tanzi la uzi wa katani alimchoma papo hapo malishoni, kwa kuwa nyama yenyewe haikutosha kubebwa nyumbani. Mvua zikikatika naye hutoweka, maana kware wa porini huzifuata mvua kutoka nyika hadi nyika.

Mwaka 2013 alirudi, safari hii kwa matatu, ndani ya makatoni yaliyotobolewa matundu. Huyu hakuwa yule wa malishoni. Alikuwa kware wa Kijapani, jamii iliyofugwa vizazi na vizazi kwa ajili ya mayai. Habari zake zilikuwa zimemtangulia: yai moja Nairobi liliuzwa hadi shilingi 100, ilhali la kuku dukani halikufika hata shilingi 20. Watu walilimeza bichi asubuhi kama dawa. Ilisemekana linatibu kisukari, pumu, shinikizo la damu, hata Ukimwi. Hakuna hata moja kati ya tiba hizo iliyothibitishwa, lakini mgonjwa aliyekwisha uza mbuzi kulipia hospitali hakuwa na haja ya kudai ushahidi.

Kanisani nako habari zilipata nguvu. Wauzaji walipenda kukumbusha Kutoka sura ya 16, pale kware walipoifunika kambi ya Waisraeli jangwani. Hesabu sura ya 11, ambako watu haohao wanapigwa na tauni nyama ya kware ikiwa bado mdomoni, haikutajwa sana.

Serikali nayo ilikuwa na sehemu yake. Kisheria kware alihesabiwa mnyama wa porini, kwa hiyo mfugaji alitakiwa kuwa na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sharti hilo lililokusudiwa kudhibiti likageuka tangazo la biashara. Kibali kilitiwa fremu na kutundikwa sebuleni, na mgeni aliyekisoma aliondoka akiamini kuwa ndege anayehitaji karatasi ya serikali lazima awe na thamani.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa nyumbani Kathonzweni, Makueni, wakati kaka yake alipoleta mashine ya kuangulia mayai, sanduku la mbao lililotengenezwa na mafundi wa jua kali. Mama yao aliizunguka mara mbili.

"Na tukishafuga sote, kijiji kizima, atakayenunua ni nani?" aliuliza.

"Mwaitu, Nairobi ni kubwa," kijana alijibu.

Mashine ilihitajika kwa sababu kware wa kufugwa amepoteza silika ya kuatamia. Hutaga popote na kuondoka zake. Basi mfugaji ndiye anayeatamia: joto la nyuzi 37.5, sinia la maji ndani ili hewa isikauke, mayai kugeuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 14, kisha mlango usifunguliwe tena. Siku ya 17 au ya 18 maganda yanapasuka. Kulipima yai kwa tochi ili kujua kama lina uhai ni kazi, kwa kuwa madoadoa ya ganda huficha kilichomo.

Mwaka 1990 vifaranga vya kware wa Kijapani vilianguliwa hata angani, katika kituo cha Mir. Kathonzweni tatizo lilikuwa stima. Ikipotea usiku, nyumba nzima iliamka: mmoja anachemsha maji, mwingine anayajaza kwenye chupa za plastiki, wa tatu anaifunika mashine kwa blanketi. Mchana mambo yaligeuka, kwani jua la Septemba lilipoyachoma mabati, sanduku liliweza kupita nyuzi 39, na ikabidi lihamishiwe chini ya mwembe.

Kifaranga kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, na kiliweza kuzama katika kisahani cha maji, kwa hiyo kila kisahani kilijazwa vijiwe. Vizimba vilijengwa vifupi, kwa kuwa kware akishtuka huruka wima kama mshale na kujipasua kichwa darini. Usiku nguchiro na siafu walikuja kukagua.

Yote hayo yaliwezekana. Lisilowezekana lilikuwa kumfanya ndege huyu abaki adimu. Jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, na kwa mwaka hutaga mayai zaidi ya 200. Ongeza siku 17 za kuangua, na kizazi kipya kinapatikana kabla miezi mitatu haijatimia. Kwa muda, wimbi la vifaranga halikuonekana sokoni kwa sababu wanunuzi wakubwa wa mayai walikuwa wafugaji wapya waliotaka kuyaangua. Faida ya aliyetangulia ilitoka mfukoni mwa aliyemfuata, na waliopata zaidi ni waliouza vifaranga, vizimba na mashine. Mlaji wa kawaida, ambaye ndiye angeibeba biashara, alikuwa na hesabu yake rahisi: yai la kware lina gramu kama 10, kwa hiyo anahitaji matano kupata kiasi cha yai moja la kuku.

Mwanzoni mwa 2014 bei iliporomoka, na katika miezi michache yai lilikuwa likitafuta mnunuzi kwa shilingi tano. Katika soko la Wote na lile la Kalundu mjini Kitui, trei zilizunguka na kurudi nyumbani zikiwa zimejaa. Kuna waliochinja kundi zima wakala kitoweo, na kuna waliofungua vizimba wakawaacha ndege waende, jambo lililowafurahisha paka na mwewe.

Kware hakufutika kabisa. Leo ni mfugo wa pembeni: wachache nyuma ya nyumba, mayai yaliyochemshwa kwa wateja wanaoyapenda, nyama kwa hoteli inayoagiza. Kilichobadilika zaidi ni kazi ya mashine. Ukambani kuku wa kienyeji hana shida ya soko, na tetea anayeatamia huacha kutaga kwa wiki tatu, kisha wiki nyingine kadhaa akilea. Majirani wakaanza kuleta mayai yao Kathonzweni yaanguliwe kwa malipo, ili tetea arudi kutaga mapema.

Kaka mtu bado anaiendesha. Ya kuku huchukua siku 21, kwa hiyo kukiwa na oda ya kware huyaingiza mayai yao siku nne baada ya ya kuku. Kugeuza kunakoma siku moja kwa yote, mlango unafungwa mara moja, na vifaranga vya aina zote mbili vinatoka pamoja, tayari kuchukuliwa siku ya soko.