Bomba na Pumzi

Wapuliza tarumbeta wana fahari yao ya siri, nayo ni upana wa bomba. Upana huo hupimwa kwa ndani, penye mrija wa vali ya pili, na tofauti zake hustaajabisha kwa udogo. Katika tarumbeta za Bach, zilizoasisiwa na Vincent Bach, mpulizaji mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, bomba lililozoeleka lina milimita 11.66, na lile kubwa 11.73. Tofauti hiyo haitimii unene wa karatasi, lakini pumzi huitambua.

Bomba pana halimzuii mtu. Huipokea pumzi yote, na mwenye mapafu na mazoezi humlipa sauti nene, iliyotanda. Asiye na akiba humwacha hoi kabla wimbo haujesha. Bomba jembamba hukinza, na ukinzani huo ni egemeo: sauti huja na makali yake, pumzi ikadumu. Mpiga beni apulizaye huku akitembea, mtaa hadi mtaa, arusi nzima, ana haja ya egemeo hilo kuliko sifa ya upana.

Wala bomba halitendi peke yake. Kipande cha kupulizia, mrija ukifuatao na mdomo mpana wa mbele vyaweza kutangua lisemwalo na namba. Ndipo tarumbeta ikawa haichaguliwi kwa kipimo, bali kwa kupulizwa hadi mtu achoke, maana katika dakika ya kwanza zote hupendeza.

Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Anunuaye bomba la bingwa hakununua pumzi yake.