Tarumbeta za manjano njia ya Rusumo

Ukitoka Biharamulo mjini, penye lile boma la Wajerumani, unakwenda hadi Lusahunga na hapo njia inagawanyika. Kushoto Nyakanazi, kulia Rusumo. Shika ya kulia. Utapishana na malori ya Kigali na Bujumbura mpaka uchoke kuyahesabu, lakini tupa jicho pembeni, kwenye nyumba za tofali za kuchoma. Hapa na pale, juu ya uzio au nguzo ya baraza, utaona maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta.

Wapenda bustani huliita alamanda. Asili yake ni Amerika Kusini, ila limezoea jua letu kana kwamba lilizaliwa hapa.

Mbele zaidi ni Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban siku moja, na vilima hivi vikageuka mji wa maturubai. Watu wale walihitaji kuni na miti ya kujengea, na miti ikaisha. Kwa hiyo ukimwona mama wa Ngara akimwagilia mche mlangoni, usidhani ni pambo tu. Kivuli hapa kina thamani yake.

Kuotesha alamanda ni rahisi. Mvua za kwanza za vuli zikishika, kata kipande cha tawi lililokomaa, urefu wa kiganja hivi, kiache maziwa yakauke kidogo, kisha kichomeke kwenye udongo usiotuamisha maji. Likishachipua lipe jua la kutosha. Kwenye kivuli utapata majani matupu. Samadi iwe ya kiasi, maana ukizidisha ni majani hayo hayo. Jambo ambalo wengi hawalijui: mmea huu haujui kujishikilia. Hauna vikono kama vya mkarakara wala vijizizi vya kung'ang'ania ukuta, kama ulivyo mtambaa wa tarumbeta wa Marekani wenye maua ya rangi ya chungwa. Lazima uufunge kwa kamba kwenye fito. Mimi naona hiyo ni heri, kwa sababu ukuta wa tofali na udongo hautaki mgeni anayepenyeza mizizi kwenye nyufa. Maua hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo usiogope kupogoa.

Sasa, mzazi, nisikilize hapa. Maziwa ya alamanda huwasha ngozi, na mtoto akila sehemu yoyote ya mmea anaweza kutapika na kuharisha. Hayafikii ukali wa maziwa ya mnyaa, ambayo kila mtoto wa kijijini ameonywa asiyaguse kwa kuogopea macho, lakini mnyaa hauna ua la kuvutia. Tarumbeta linavutia, na mtoto akipata kitu chenye umbo la tarumbeta atakipuliza. Kipeleke juu, mbali na pale wanapochezea, na ukimaliza kupogoa nawa mikono.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tarumbeta nyeupe. Kuna gugu la datura linaloota majalalani na kwenye mashamba, lenye tunda la miiba, na kuna ndugu yake mkubwa ambaye maua yake hulenga chini kama kengele, anayepandwa uani kwa harufu yake ya jioni. Vyote viwili ni sumu kuanzia jani hadi mbegu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mbegu za datura zilizochanganyika na unga wa lishe wa msaada ziliua watu na kuwalaza wengine wengi. Mtoto aliyekula hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, mwili huchemka na huanza kuweweseka. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa ukingoje. Mkimbize kituo cha afya, na ubebe tawi alilochuma ili mganga alione.

Na kama unachotaka ni tarumbeta za manjano tu, zipo za kwetu. Ule mti ambao Wahaya huuita omushambya, unaosimama mipakani mwa migomba na mibuni, hutoa maua ya manjano yenye michirizi myekundu kooni, kisha maganda marefu membamba yaliyojaa mbegu zenye mabawa. Kwa ukoo, huu ndio ndugu halisi wa mtambaa ule wa Marekani. Alamanda imefanana nao sura tu. Mbao zake ni nguzo, matawi ni kuni, na ukikatwa huchipua tena. Mbegu zipandwe zikiwa mbichi, maana zikikaa hupoteza nguvu. Niliuona ukichanua mteremkoni kabla ya kufika Rusumo, pale mto Ruvubu unapoingia Kagera, na chini yake watoto wawili walikuwa wanaokota maua na kuyavisha vidoleni, moja kwa kila kidole.