Kipimo cha Umbali

Kupima ni kazi ya kale. Kabla ya mita kufika kwetu, watu wa pwani walipima nguo kwa shibiri, dhiraa, wari na pima. Shibiri ni nafasi iliyo baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimenyoshwa. Dhiraa hutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili hufanya wari, na wari mbili hufanya pima. Hapana shaka mwuzaji mwenye mikono mifupi alipendwa na tajiri wake, na mwenye mikono mirefu alipendwa na wanunuzi. Lakini kipimo hicho kilikuwa na sifa moja njema: mpimaji alikichukua popote alipokwenda, na hakikuhitaji kutiwa umeme.

Nataka kuzungumza nawe, msomaji wangu, juu ya kipimo cha namna nyingine, nacho ni kile kitumiwacho katika mchezo wa gofu. Yamkini hujapata kuucheza mchezo huu, na huenda umeuona kwa mbali tu, toka dirisha la gari, watu wachache wakitembea polepole juu ya majani mazuri kama wasio na kazi. Usiwacheke upesi. Mchezaji anayo mashimo 18 ya kuyaendea, na kila shimo lina upana wa milimita 108, pengine umbali wa mita 350 kutoka mahali aanziapo. Mkobani amepewa ruhusa ya kuchukua fimbo zisizozidi 14, na kila moja imefanywa iupeleke mpira mbali kwa kadiri yake. Kwa hiyo, kabla ya kila pigo, swali lake la kwanza ni moja tu: kutoka hapa mpaka pale ni mbali kiasi gani? Akikosea jibu, hata pigo zuri litaangukia mchangani au majini.

Kwa muda mrefu jibu la swali hili lilitoka kwa kedi, yaani mchukuzi wa mkoba wa fimbo. Nchini Kenya gofu ina umri wa zaidi ya miaka mia. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Makedi wamekuwa sehemu ya mchezo huu siku zote, na baadhi ya wachezaji wetu wa kulipwa walianza maisha yao ya mchezo kwa kuibeba mikoba ya wengine. Kedi mwema haibebi mizigo tu. Anajua ni mti upi ulio mita 140 toka shimo la tisa, wapi ardhi inateremka ingawa jicho laona tambarare, na upepo wa saa nne hugeuka upande gani. Wala hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila duru aliyoitembea. Siku asiyochaguliwa na mchezaji hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mimi nilianza kucheza nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye mapato ya mwalimu, katika uwanja mmoja wa Nairobi. Kedi wangu ni mzee aliyeitembea njia ya uwanja ule kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi humwita Mzee, naye huniita Mwalimu, ijapokuwa uwanjani mwalimu ni yeye. Miaka michache iliyopita macho yake yalianza kufifia. Miwani ilimrudishia gazeti lake, lakini haikumrudishia bendera ya shimo, ambayo kwake ikawa kama uzi ndani ya ukungu. Wachezaji wakaanza kunong'ona. Walimpita pale langoni wakawachagua vijana wenye simu mkononi. Yeye hakulalamika, ila nilimwona akifika mapema zaidi kila asubuhi, kana kwamba mwenye kutangulia kuonekana atatangulia kuchaguliwa.

Ndipo nilipoamua kutafuta chombo cha kupimia umbali. Nilitaka kisiwe cha fahari, na kiwe chepesi kutumiwa na watu wawili, mmoja mwenye macho ya makamo na mwingine mwenye macho ya uzee.

Kwanza nilitazama vile visivyo na bei. Viwanja vingi vina alama kando ya njia, vigingi au mawe ya rangi, aghalabu penye 100, 150 na 200 toka katikati ya yale majani mafupi yazungukayo shimo, ambayo wachezaji huyaita grini. Alama hizi hutosha kwa mtu ajuaye hatua zake. Lakini ni lazima uulize kwanza kama uwanja hupima kwa yadi au kwa mita, maana yadi 150 ni mita 137 tu, na hizo mita 13 zilizobaki ni tofauti ya fimbo nzima. Hatua zako waweza kuzijua leo hii bila kumlipa mtu: nenda kwenye uwanja wa riadha wa shule yenu, tembea mwendo wako wa kawaida katika ile njia ya mita 100, uhesabu. Fanya hivyo mara nne, huku na huku, uchukue hesabu ya kati. Utakuwa na kipimo usichoweza kukisahau nyumbani.

Kuna pia kidarubini cha bei ndogo kisicho na betri. Ndani yake kuna mistari, nawe huilinganisha bendera na mistari hiyo: ikionekana ndefu u karibu, ikionekana fupi u mbali. Hii ni jiometri ya pembetatu zinazofanana, ile ile unayofundishwa darasani. Chukua rula, unyoshe mkono mpaka rula iwe sentimita 60 toka jichoni. Mti wa bendera wenye urefu wa mita 2.1 utaonekana milimita 9 ukiwa mita 140, na milimita 18 ukiwa mita 70. Werevu huu wanipendeza sana, lakini hautoshi. Milimita moja ya kukosea kwenye rula ile hukupoteza zaidi ya mita kumi uwanjani, na mti wa bendera ukiwa mfupi kuliko ule uliokusudiwa na mtengenezaji, hesabu yote huwa uongo. Zaidi ya hayo, chombo hiki humtaka mtu mwenye macho makali, na macho ndiyo tuliyoyakosa.

Baada ya hicho nilitazama darubini ya leza. Hiki ni chombo cha ajabu, nami sitakivunjia heshima. Hutupa mwali wa mwanga usioonekana, mwali ukaigonga bendera ukarudi, nacho huhesabu muda uliopita. Mwanga huenda kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi kwenda mita 150 na kurudi huchukua sehemu moja katika milioni ya sekunde, na chombo kinachotoshea kiganjani kinaweza kuigawa hata sehemu hiyo! Jibu lake aghalabu huwa sahihi kwa kiasi cha mita moja. Walakini mshikaji ni lazima aione bendera kwanza, kisha aulenge mti wake mwembamba kwa mkono usiotetemeka. Mkono ukicheza kidogo, atapima mti ulio nyuma na kudhani amepima shimo. Nyingine hupima mwinuko na mteremko pia, na sheria haziruhusu kazi hiyo itumiwe mashindanoni, ingawa umbali wenyewe umeruhusiwa na sheria kuu za mchezo tangu mwaka 2019, isipokuwa wasimamizi wa mashindano wakikataza. Tena bei ya darubini iliyo njema yaweza kukaribia karo ya muhula, au kuipita. Mimi nina mtoto shuleni. Niliirudisha kwa mwuzaji kwa adabu.

Vikabaki vyombo vya setilaiti. Katika mfumo uitwao GPS, setilaiti huizunguka dunia zikiwa juu kwa kiasi cha kilomita 20,000, kila moja ikitangaza saa yake daima. Chombo kikizisikia nne au zaidi hukadiria mahali kilipo, kwa kawaida kwa kukosea mita chache tu penye uwazi wa mbingu. Fahamu basi kwamba chombo hiki hakiioni bendera kabisa. Kinajua kilipo, na mahali pa grini pamekwisha kuandikwa ndani yake. Kazi yake ni kutafuta tofauti ya hapa na pale. Kwa sababu hiyo hakijali ukungu, wala kilima, wala mkono utetemekao. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, uwanja usioandikwa ndani yake ni jangwa kwake. Kama utanunua kimoja, usimwulize mwuzaji habari za rangi; mwulize kama uwanja wako umo, na kama ramani itadaiwa ada kila mwaka. Wauzaji wengi huwa wepesi kwa swali la kwanza na wazito kwa la pili.

Vyombo hivi vina sura tatu. Simu unayo tayari, lakini kioo chake hufifia juani, betri huisha haraka, na simu huleta uwanjani watu wote uliowakimbia. Saa ya mkononi ni nzuri kwa mwenye kuivaa, ila kedi wake hawezi kuisoma bila kumshika mkono. Sura ya tatu ni kisanduku kidogo cha kubandika kwenye mshipi au mkoba. Hiki huonyesha namba tatu tu: umbali mpaka mwanzo wa grini, katikati yake na mwisho wake, na ile ya kati huandikwa kubwa. Rafiki zangu walinicheka. Walisema chombo kisichojua bendera imesimama wapi leo ni nusu chombo. Mimi nilifanya hesabu nyingine. Fimbo yangu namba 7, nikipiga mipira kumi, haiangushi yote mahali pamoja. Baina ya uliofika mbali na uliobaki nyuma kuna zaidi ya mita 20. Mtu wa namna hii atafanya nini na usahihi wa mita moja? Nikiulenga moyo wa grini, mapungufu yangu yataangukia majanini. Basi nilinunua kisanduku.

Sasa ikabaki kazi iliyokuwa ngumu kuliko kuchagua. Utampaje mtu mzima chombo kinachojua kazi yake bila kumwambia kwamba amechakaa? Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Mwishowe sikumpa zawadi wala sikumpa hotuba. Asubuhi moja nilimwambia, "Mzee, nimenunua kitu hiki nami nina mashaka nacho. Tafadhali kipime wewe kwa mashimo yako."

Alikichukua, akakisogeza mbali na uso wake, akaisoma ile namba kubwa bila miwani. Kwa mashimo tisa ya kwanza alikuwa hakimu mkali. Alikuwa akitaja umbali wake kwanza, kisha anakitazama. Katika mashimo sita tofauti yao haikufika mita tano. Kwenye shimo la nne alikataa hukumu yake kabisa. "Chasema 138," aliniambia, "nacho hakikudanganya. Lakini pale pana mpando, Mwalimu, na upepo unakuja usoni. Shika fimbo ya 150." Nikaishika, na mpira ukakaa grini.

Hapo utaona kilichobaki kwa kedi baada ya namba kutolewa, nacho si kidogo. Chombo chetu hakijui upepo. Hakijui majani yenye umande. Hakijui hata hewa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo mpira huenda mbali zaidi kwa pigo lile lile: uendao mita 140 pwani waweza kupita 150 huku juu. Kisanduku kitasema 140 mahali pote pawili, nacho kitakuwa kimesema kweli mahali pote pawili.

Tangu siku ile kisanduku hukaa shingoni mwa Mzee kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Wachezaji wengine, walipoona kwamba namba zake ni sawa na za vijana na shauri lake ni zaidi, wamemrudia, si wote, ila wa kutosha kumpa duru tatu au nne kwa wiki. Sijui miguu yake itamchukua miaka mingapi tena. Vilima vya uwanja ule havimwonei huruma mtu. Mimi hukitia chombo umeme Ijumaa usiku, naye hukidai Jumamosi asubuhi kabla hajanijulia hali.

Desemba ijayo nimealikwa kucheza Nyali, kandokando ya Mombasa, na safari hiyo nitakwenda peke yangu. Nilimwuliza kama nichukue chombo. Alifikiri kidogo, akakivua shingoni, akanikabidhi pamoja na kamba yake.

"Kiamini kwa umbali," alisema. "Lakini kule chini ongeza fimbo moja kwa kila pigo, na asubuhi mwulize kedi wa pale habari za upepo wa baharini. Mlipe vizuri."