Matundu ya Diski na Breki za Kaka

Nimeadimika kidogo, hizi test za katikati ya muhula si mchezo. Leo siandiki habari za boom kuchelewa wala foleni ya kafeteria. Leo ni breki. Ndiyo, breki za gari, na anayetaka kucheka acheke.

Kaka yangu anafanya kazi Nairobi, na siku hizi ameshikwa na ugonjwa wa kukimbiza gari. Si barabarani jamani! Yeye na wenzake wamepanga siku yao ya kuzunguka kwenye uwanja wa lami wa Whistling Morans, kule Athi River. Gari yenyewe ni Subaru ileile inayompeleka wifi kazini na mtoto shule. Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kudunda.

Akanitumia picha ya diski za breki zimetobolewa matundu matundu, zinang'aa kama sahani za harusi. "Mdogo wangu, we si unasoma ualimu wa fizikia? Hizi vipi?" Hela aliyonayo ilitosha diski hizo tu, pedi angebaki na zilezile za zamani.

Nikachukua kalamu. Gari na dereva tuseme kilo 1,400, mwendo kilomita 120 kwa saa. Nishati mwendo yake inapita kilojuli 770, yaani inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya bomba mpaka yatokote. Kwenye 60 ni robo yake tu. Ukisimama, karibu yote inageuka joto, na breki za mbele ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Mjini ukifunga breki mara moja zinapata muda wa kupoa. Uwanjani kona inakuja kabla hazijapoa, halafu nyingine, halafu nyingine.

Sasa hayo matundu. Zamani yalisaidia kutoa gesi iliyotoka kwenye pedi zikipata moto. Pedi za siku hizi hazitoi gesi nyingi hivyo, lakini ufa bado unapenda kuanzia kwenye tundu, na chuma kilichotobolewa ndicho kingebeba joto. Zenye mifereji zina nafuu. Mimi nikamwambia: kaka, nunua diski za kawaida, zile zenye nafasi ya hewa katikati, chuma kizuri. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huwa umechorwa kwenye diski yenyewe, upimwe.

Hela itakayobaki iende kwenye pedi. Nyingi zina herufi mbili pembeni: ya kwanza ni mshiko wa kawaida, ya pili ni mshiko zikiwa za moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, G inafika 0.55. Herufi hazikwambii pedi itavumilia joto gani, hiyo muulize aliyeitengeneza. Ila asikimbilie pedi za mashindano matupu! Nyingi hazishiki vizuri zikiwa za baridi, na wifi anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye hela angenunua seti mbili, abadilishe siku ya uwanja. Kaka hana, basi achukue za kati, zinazokubali mjini na uwanjani.

Na mafuta ya breki! Hapa ndipo tulipogombana. DOT 3 mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzi 205, lakini mafuta haya yanafyonza unyevu, na yakishanyonya kiwango kinaweza kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mapovu, povu linabonyea, mguu unazama mpaka chini na gari halisimami. Ya kaka hayajabadilishwa tangu anunue gari.

"Unanifundisha kuendesha?" akasema. Nikamjibu, shikamoo kaka, sikufundishi kuendesha, nakufundisha kusimama. Akakata simu.

Juzi katuma picha nyingine. Diski za kawaida, pedi mpya, chupa ya DOT 4. Fundi kamwelekeza azizoeshe pedi kwanza: apunguze mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, halafu aziache zipoe. Nami nikaongeza, akitoka uwanjani asivute handbreki breki zikiwa za moto.

Pembeni ya picha kuna kopo la rangi nyekundu. Eti ya kupaka kalipa. Nimemwachia hiyo.