Usiilaumu Betri Kabla ya Kupima

Leo naomba dakika zako chache tuzungumze juu ya gari la zamani ambalo haliwaki asubuhi. Kisha tutazungumza juu yako.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilifanya kazi kwa fundi wa umeme wa magari pale Bungoma. Ndiyo maana hata sasa nikiwa Kitale, watu huniletea gari baada ya ibada kama wanavyoniletea maombi. Na mara nyingi gari lenyewe ni Peugeot 504. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Wazee wetu waliiona ikipita kwenye vumbi, wakaipenda, na wengine hawajaiacha mpaka leo.

Lalamiko huwa ni lile lile. "Mchungaji, betri imekufa tena, na niliinunua juzi tu." Mwenye gari ameshatoa pesa mara mbili na yuko tayari kutoa mara ya tatu. Mimi humwomba jambo moja: tupime kwanza.

Fuatana nami, kwa maana mita ya bei ndogo inaweza kukuokolea karo ya mtoto.

Gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye betri. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, iko nusu. Ikiwa chini ya 12, haina kitu. Lakini hapo umejua hali yake tu, hujajua kosa ni la nani.

Sasa washa injini, kanyaga mafuta kidogo, upime pale pale. Mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kushuka polepole, gari linatembea kwa akiba. Litatoka Kitale likinguruma vizuri kabisa. Litapita Kiminini, litapita Kamukuywa. Giza likiingia na mvua ikaanza, utawasha taa na waipa, na kabla hujafika Webuye taa zitakuwa za manjano kama mshumaa. Aliye nyuma yako na lori hakuoni.

Je, ni alteneta? Ngoja kwanza. Bonyeza mkanda wake kwa kidole gumba katikati. Ukizama sana kuliko sentimita moja hivi, umelegea, na alteneta haizungushwi inavyopaswa. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini, utazame ile taa ndogo nyekundu ya betri. Lazima iwake. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita katika taa hiyo ndio unaoamsha alteneta. Taa ikiungua, dereva hufurahi kwamba haoni nyekundu, kumbe alteneta imelala.

Ikiwa mita inasoma 14 injini ikiwaka, na bado asubuhi betri haina nguvu, ama betri yenyewe imezeeka, ama kuna kitu kinakula usiku. Zima kila kitu, toa kebo ya hasi, uweke mita ya ampea kati ya kebo na betri. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka mwizi ajulikane. Na ikiwa injini inawaka na mita imepita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika. Betri inachemshwa, na mwishowe itakufa kwa kushibishwa kupita kiasi.

Na tafadhali, usikubali mtu achomoe kebo ya betri injini ikiwaka ati "anajaribu alteneta". Umeme unaweza kuruka ghafla na kuua hata kile kilichokuwa kizima.

Juzi mzee mmoja wa kanisa letu alikuja akiwa amekwisha kununua betri mbili. Injini ikiwaka, betri ilisoma 12.7. Nikapima kwenye alteneta yenyewe: 14.3. Umeme ulikuwapo, ila haukufika. Tukalala chini ya gari, tukauona ule msuko wa waya unaounganisha injini na bodi, ambao mafundi huuita athi. Ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki nyuzi chache. Tukaweka mpya, tukasugua bolti zake, na betri ikasoma 14.1. Betri zote mbili hazikuwa na hatia.

Mpendwa, hapa ndipo Roho aliponishika.

Betri hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayozimika mbele za watu. Mkanda uliolegea hauonekani. Waya ulioliwa na kutu uko chini, gizani. Kwa hiyo tunang'oa kile kilichonyamaza na kuweka kingine, nacho tunakifunga kwenye waya ule ule.

Mwezi uliopita wazee waliniletea jambo la dada mmoja anayefundisha watoto Jumapili. Alikuwa hajaonekana kwa wiki tatu. Walisema amepoa kiroho, na jina la mtu wa kuchukua nafasi yake lilikuwa tayari. Nikaomba tumtembelee kwanza. Tulimkuta akimgeuza mama yake kitandani, aliyepatwa na kiharusi. Hulala saa tatu kwa usiku. Na tulipohesabu, tukaona kwamba kwa miaka sita darasa la watoto limekuwa saa ile ile ya ibada kuu. Miaka sita anawalisha wana wetu, na Jumapili zote hizo yeye mwenyewe hajaketi kulishwa. Kanisa lilikuwa linaomba, linaimba, Neno linahubiriwa, upande wa pili wa ukuta. Nguvu ilikuwapo. Haikumfikia.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Tazama Mungu alichofanya kwanza. Hakumkemea wala hakumpa hotuba. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji. Akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Swali la kwamba anafanya nini pale lilikuja baadaye, alipokwisha kupata nguvu za safari.

Sasa akina mama wawili hupokezana usiku kwa huyo dada, na Jumapili mbili kila mwezi huketi ibadani huku mwingine akifundisha. Sitakudanganya kwamba amerudi kama zamani. Betri iliyokauka haijazwi kwa safari fupi ya kwenda sokoni. Huchajiwa polepole, usiku kucha. Tunampa muda.

Basi nakuuliza wewe unayesoma. Nyumbani kwako ni nani aliyezimika? Ni mume asiyezungumza siku hizi? Ni kijana aliyeacha kwaya? Ni mama anayefoka kwa jambo dogo? Kabla hujasema amekufa kiroho, uliza: anapokea wapi? Nani anamlisha? Ni kitu gani kinamla usiku akiwa peke yake?

Na ikiwa aliyezimika ni wewe, usijihukumu kwa haraka. Usikimbilie kongamano jingine kana kwamba unanunua betri mpya, kisha urudi kwenye maisha yale yale yasiyo na usingizi, yasiyo na mtu wa kukuuliza hali. Shuka chini, utafute waya ulioliwa. Mwambie mtu mmoja leo. Ukikosa wa kumwambia, niandikie inboksi, tutaomba na tutapima pamoja.

Baba, kwa jina la Yesu, mkumbuke kila aliyechoka asubuhi ya leo. Mpe usingizi, mpe mkate, mpe ndugu wa kumshika mkono. Na utupe sisi macho ya kuangalia chini kabla ya kutoa hukumu. Amina.

Ubarikiwe sana, na safari njema.