Bakuli na Kasri

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Huko Kyoto, nchini Japani, aliwahi kuishi mfinyanzi ambaye chombo chake duni kilipokewa na wakuu kwa mikono miwili. Jina lake Chōjirō.

Katika miaka ya 1580, Sen no Rikyū, bingwa wa ada ya unywaji chai, alimtaka amfinyangie mabakuli. Chōjirō hakutumia gurudumu. Aliuinua udongo kwa viganja, akaukwangua kwa kisu, hata bakuli likawa na umbo la mikono itakayolishika. Bakuli jeusi la namna hiyo hupakwa rojo ya mawe yaliyosagwa, mawe ya mto Kamo, kisha hutiwa jokoni. Vyombo vingine huachwa vipoe polepole. Hili hutolewa kwa koleo lingali jekundu kama kaa, likakabiliwa ghafla na baridi ya hewa. Udongo usiostahimili hupasuka. Linalosalimika huwa jeusi la utulivu, na pengine ubavuni hubaki kovu la koleo. Kovu hilo halifichwi.

Moshi ambao wengi huuhusisha na raku ulikuja baadaye. Mwaka 1960, huko Marekani, Paul Soldner alikitoa chombo chake motoni, akakilaza katika majani yaliyoshika moto, na moshi ukaacha weusi wake. Kyoto haikufanya hivyo. Huko hewa ilitosha.

Rikyū alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyejitengenezea chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu. Mbele ya dhahabu hiyo, Rikyū aliutukuza udongo mweusi. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru ajiue, naye akatii. Sababu yake hubishaniwa hadi leo.

Jina raku, ambalo maana yake ni raha, hunasibishwa na Jurakudai, kasri la Hideyoshi lililokamilika mwaka 1587. Mwaka 1595 Hideyoshi mwenyewe aliamuru kasri hilo libomolewe. Mabakuli ya Chōjirō yangalipo, na warithi wa kazi yake wangali wakifinyanga Kyoto. Wa kumi na sita alishika nafasi hiyo mwaka 2019. Jina la kasri limehifadhiwa na chombo cha udongo, chombo ambacho mkono ukiteleza mara moja tu, kitavunjika.